Mwenyekiti Aliyeahirisha Kesi ya Bundi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Niliingia Kampala kupitia Busia nikiwa na shati moja na darasa la sita, na leo ukipita Kansanga ukaona duka la mabati lenye malori mawili mbele, jua hayo malori ni yangu. Wenye digrii ndio wananiandikia risiti. Kule Mbuya nimejenga ghorofa tatu kwenye mteremko, ya tatu bado haina paa, lakini hizo mbili za chini zimejaa wapangaji na hakuna anayenizungusha kodi. Nimeibiwa, nimechomewa stoo, nimedanganywa na watu wa kanisa langu mwenyewe. Yote nimeyapita. Kwa hiyo nikikuambia yuko mwanamke mmoja ambaye nikimwona mbele yangu natamani barabara ikate kona, ujue si jambo dogo.

Alikuwa mwenyekiti wa zoni yetu kule Mbuya, yule anayeandika barua za utambulisho na kusikiliza kesi ndogo ndogo kabla hazijafika polisi. Jina lake nalijua, lakini hata wajukuu wake walimwita Mwenyekiti. Alikuwa mjane wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kinakwenda moja kwa moja hata pale sarufi imebaki nyuma. Alizaliwa wapi hasa na kwa nani, sikuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuuliza.

Na namna yake ya kuuliza ilikuwa hivi. Ukienda kutaka barua, anakuwekea ungo wa karanga mapajani. Unamenya, yeye anauliza. Umetoka wapi, unalala kwa nani, huyo mwanamke ni mke au ni mgeni. Alisema mtu akipewa kazi ya mikono, mdomo unasahau kudanganya. Muhuri aliuweka ndani ya kopo la chumvi, chini ya chumvi yenyewe, kwa sababu hakuna mwizi anayeiba chumvi. Barua zake zote zilikuwa na punje mbili tatu nyeupe kwenye mkunjo. Benki moja hapa mjini walikuwa wakiikunjua barua na kuitikisa kwanza, wakisikia chumvi inamwagika wanajua ni ya kweli.

Wenyeviti wengine, bila kitu kidogo muhuri haunyanyuki. Huyu ulimpa karanga ulizomenya, basi. Mimi nilijaribu kumpa zaidi, nisikudanganye. Nilikuwa natafuta barua ya mpaka wa kiwanja, nimemega futi moja tu upande wa njia ya maji, futi moja ni nini. Akaja akapima kwa hatua zake, akatazama noti nilizokunja mkononi, akasema, "Bwana Mabati, mimi siandiki kitu ambacho macho yangu haijaona. Na hii futi, macho yangu inaona iko ya maji."

Bwana Mabati ndilo jina alilonipa, na wapangaji wangu wakalidaka. Nilipochanga saruji ya mtaro wa zoni, nikaomba kipaza sauti nieleze nimechanga mifuko mingapi. Akaninyima. "Mtaro hausikii," alisema, na watu wakacheka mpaka mvua ikaanza.

Lakini kesi iliyompa sifa mlimani ni kesi ya bundi.

Kulikuwa na bundi kwenye mnara wa simu juu ya njia yetu. Analia usiku, na kila anapolia watu wanahesabu nani amekufa. Alipokufa mzee mmoja fundi cherehani, akafuata mtoto wa muuza maziwa, watu wakaenda kwa Mwenyekiti kundi zima, wanataka ruhusa ya kupanda mnara wamuue. Akawakalisha. Akatoa kitabu, akavaa miwani.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

"Analala, mama. Huyo mchana analala."

"Mimi sihukumu mtu anayelala. Kesi imeahirishwa mpaka saa sita ya usiku, pale chini ya mnara. Shahidi wote waje. Wewe uliyesema alikuita jina, wewe ukae mbele."

Usiku ule alikwenda peke yake na kiti chake cha plastiki. Hakuna aliyetokea. Asubuhi akatangaza kwamba walalamikaji hawakufika na kesi imetupwa. Wiki nzima wanaume wa zoni walikuwa wakisalimiana kwa kuulizana, "Ssebo, bwana, ulikuwa wapi saa sita?"

Ukisikia hivyo utafikiri haogopi. Mimi pia nilifikiri. Jioni moja nilikuwa barazani kwake namenya karanga, giza limeingia, yule ndege akalia karibu sana, ile sauti ya kukwaruza kama bati linaburutwa juu ya saruji. Mwenyekiti akakata neno katikati. Akavuta kitenge kichwani, akatema mate pembeni, akanong'ona kitu kwa lugha ya kwao, akafunga dirisha la nyuma yake. Ndipo akaendelea pale alipoachia. Nikamuuliza, "Kumbe na wewe unaogopa?"

"Naogopa sana," alisema. "Lakini kuogopa si kesi."

Ndivyo alivyokuwa. Kanisani anakaa benchi la mbele, nyumbani anatema mate bundi akilia. Alipiga marufuku muziki baada ya saa nne, na saa kumi na moja alfajiri anafagia huku anaimba nyimbo za kambi kwa sauti ya kuamsha mlima. Aliwafukuza walevi barazani, na kila Krismasi anapeleka sahani ya nyama kwa mlevi mmoja aliyewahi kumtukana, kisha anarudi akilalamika kwamba yule mtu hata asante hajui. Na alikuwa na neno lake moja ambalo wakati ule niliona ni maneno ya kikongwe tu: mtu mzima havuliwi nguo, anavua mwenyewe.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Msimu wa senene uliopita, wale panzi wa kijani wanaoliwa, niliamua kutega. Ghorofa yangu iko juu, paa haina, mabati ninayo mwenyewe, nani atanishinda? Namna ya kutega ni hii: unasimamisha mabati mapya yameinama, ncha za chini ndani ya mapipa. Juu unafunga taa kali sana, na pembeni unachoma majani mabichi yatoe moshi. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanalewa moshi, wanateleza mpaka pipani, na pipani hakuna pa kushika. Mtegaji anavaa koti la kofia na miwani myeusi, kwa sababu ile taa inachoma macho na inaleta pia vidudu vya kubabua ngozi. Mwenyekiti aliniruhusu kwa sharti kwamba taa isielekee nyumba za watu. Nikaigeuzia upande wa nyuma, ambako iko baraza yake tu.

Fundi wangu wa mabati alikuwa Bahati, Mkongo, mtu wa makamo mwenye mke na watoto Kansanga, mpole kupita kiasi. Yeye ananiita Patroni, yaani bosi kwa kwao, na mimi napenda. Usiku wa kwanza senene walishuka kama mtu anamwaga mchele. Bahati akateremka kuleta dizeli ya jenereta, nikabaki peke yangu juu na fimbo yangu ya kukorogea moto.

Kwanza nilisikia upepo shingoni. Sauti hakuna. Upepo tu, kama mtu amepita nyuma yako na shuka. Nikageuka, moshi. Nikarudi kwenye moto wangu. Upepo ule tena, safari hii umegusa kofia. Nikainua macho, na juu ya ukingo wa bati kilikuwa kimekaa kitu cheupe. Uso bapa kama sahani, macho mawili meusi, hakuna mdomo niliouona. Kinanitazama mimi, si senene. Taa inakimulika kutoka chini, na kivuli chake kiko nyuma yake kwenye moshi, kirefu kunizidi mimi. Kikainamisha kichwa upande mmoja, polepole, kama Mwenyekiti akisikiliza mtu asiyemwamini.

Nilitaja jina la mama yangu. Kisha kikafungua mabawa na kikaja usoni.

Nikapiga fimbo kwa nguvu zangu zote na nikaipata taa. Ikapasuka. Giza, na mimi nina miwani myeusi. Nikarudi nyuma, nikakanyaga bati, na bati jipya halina urafiki na mtu. Nikateleza nilivyopanga senene wateleze. Niliingia pipani kwa kichwa, ndani ya senene hai, wanaingia masikioni, wanaingia kwenye kola, ukingo wa pipa umenichana juu ya jicho. Nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo.

Bahati ndiye aliyenivuta kwa miguu. Akanifuta damu kwa shati lake.

"Pole, Patroni. Ni ndege tu. Nilimuona akipita."

"Wewe hujaona kitu," nikamwambia. "Kazi unaitaka au huitaki?"

Chini wapangaji walikuwa wameshatoka, wanawake kwa kanga, wanaume na virungu. "Bosi, kuna nini?" Mimi, mwenye nyumba, nimejaa senene kichwani. Nikasema nimevamiwa. Na watu wangapi? Watatu. Nikatafakari nikaongeza, labda wanne. Ndipo mmoja akauliza, nani alikuwa juu na wewe? Na wakati huohuo Bahati anashuka ngazi, damu yangu kwenye shati lake, miwani yangu mkononi.

Watu wote wakamtazama, kisha wakanitazama mimi. Nilihitaji kusema neno moja. Nikakohoa.

Polisi wa doria, walioletwa na kelele zangu, walimchukua kabla hajamaliza ngazi. Aliwaambia, "Ni ndege, bakubwa, ni ndege." Mmoja akacheka: ndege gani huyo anayechagua matajiri?

Asubuhi Mwenyekiti alikuja. Hakukaa. Mke wangu akaleta kiti, akakikataa.

"Bwana Mabati, walikuwa wangapi?"

"Wanne, mama."

"Wamevaa nini?"

"Nyeupe."

"Wote wanne?" Akatikisa kichwa kama anayeandika. "Walikuja kwa ngazi?"

"Sikuona walikotokea."

"Mimi niliona. Wewe uligeuza taa kwa baraza yangu, mtoto yangu. Nilikuwa nimekaa. Sinema yote niliona, mpaka miguu yako nje ya pipa." Hakucheka. Laiti angecheka. "Naenda kumtoa Bahati. Nitawaambia polisi mimi namjua na nitamleta wakimtaka. Ya kwako sitawaambia. Jumapili kuna mkutano. Mtu mzima havuliwi nguo."

Alimtoa adhuhuri ile. Lakini mlimani neno halitoki kwa dhamana. Wateja wa Bahati walianza kumwambia kazi imeahirishwa. Mwanamke mmoja alimwita mtoto wake ndani alipopita. Mke wake alinipigia simu, anasema kwa adabu kabisa, "Patroni, si useme neno?" Nikasema nitasema. Nilikuwa na siku nne za kusema, na kila siku nilitoka dukani nikiwa nimelipanga neno hilo vizuri, na kila siku nilimkuta mtu ananiuliza habari za majambazi, nikamsimulia majambazi.

Jumapili zoni nzima ilikuja. Mwenyekiti akanipa nafasi ya kwanza. Nikasimama. Sijui ulimi wangu ulipewa na nani. Nilitaja mapanga. Nilitaja kwamba mmoja nilimtupa mpaka ukutani. Bahati alikuwa amesimama kwenye ua wa mianzi, na mke wake, wanaangalia chini kana kwamba wao ndio wanaoona haya. Kisha nikakaa.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa kitenge. Yule mwanamke hakuwahi kuandika uongo hata wa futi moja. Akasema, "Mimi nilikuwa kwa baraza. Niliona. Hakuna mtu alipanda, hakuna mtu alimpiga. Huyu bwana taa yake mwenyewe ilimpofusha, akaona watu. Hadanganyi. Anasema kile macho yake ilimwonyesha. Bahati hana kosa, na mtu akimwita mwizi aje kwangu."

Hadanganyi. Alilisema akinitazama, akiniachia mlango. Nilihitaji kusimama tu na kusema, hapana mama, ninadanganya, alikuwa bundi. Nilitikisa kichwa kukubali, kama mgonjwa anayeelezewa ugonjwa wake.

Bahati alisafishwa, ni kweli. Lakini watu si wajinga. Mtu asimulie mapanga, kisha Mwenyekiti aseme macho yalimdanganya? Tangu lini moshi ukashika panga? Wakajua kuna kitu kimefunikwa, na wakajua mwenye pesa ni nani. Ikaanza kwa minong'ono kisimani: Bwana Mabati alimpelekea bahasha. Mwenye duka la dawa, aliyekuwa akiutaka uenyekiti siku nyingi, hakuhitaji kampeni nyingine. Akipita barazani kwa Mwenyekiti anauliza tu, "Nnyabo, mama, barua za siku hizi bado zina chumvi, au zina noti?"

Hapa kwetu mwenyekiti hachaguliwi kwa karatasi ya siri. Wagombea wanasimama, na wewe unakwenda kupanga mstari nyuma ya unayemtaka, jua linawaka, jirani anakuona. Siku ile nilifika na gari langu nikaegesha karibu na uwanja. Kitambulisho cha hapa ninacho, siku nyingi. Nikajiambia, nikisimama nyuma yake watasema mwenye bahasha amekuja kuilinda. Nisiposimama, ni mtu wa aina gani? Nikapandisha vioo. Nilikaa ndani ya gari, kiyoyozi kinavuma, nikatazama mstari wa mwenye duka la dawa unafika barabarani na kupinda. Nyuma ya Mwenyekiti walikuwa wajane wachache, fundi baiskeli, na yule mlevi wa sahani ya Krismasi, amenyoosha mikono kama askari wa gwaride. Bahati, ambaye si raia na hana mstari wa kupanga, alisimama kando peke yake, usawa wa mstari ule mfupi, ili angalau awe upande wake.

Hakungoja kuhesabiwa. Alitazama mistari yote miwili, akafungua kopo, akatoa muhuri, akaupuliza chumvi, akamkabidhi mwenye duka la dawa. Nilimwona anapita mbele ya gari langu. Hakugeuka. Vioo vyangu ni vyeusi, labda hakujua nimo. Najidanganya hivyo.

Alihama Mbuya kabla ya mwisho wa mwaka. Nilisikia yuko Wandegeya na binti wa dada yake, wamefungua banda la chakula cha wanafunzi nyuma ya maduka ya kuchapisha. Nilipita pale mara nyingi kuliko biashara yangu inavyohitaji. Mwezi uliopita nikaingia. Mchana, wanafunzi wamekwisha kula, meza zinafutwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na masufuria, miguu imevimba, kitenge kilekile cha bluu.

"Bwana Mabati," alisema, kama vile tuliachana jana. "Umenenepa. Kaa."

Nikakaa. Nikauliza afya, akajibu miguu. Nikauliza biashara, akasema wanafunzi wanakula sana na wanalipa kidogo. Nikaona njia. Nilikuwa nimekuja na bahasha ya kaki, milioni tatu ndani, noti mpya. Nikaitoa polepole nikaiweka mezani, nikaisukuma kwa kidole.

"Mama, hii ni ya miguu."

Hakuigusa. Aliitazama kama nilivyotazamwa mimi usiku ule juu ya ukingo wa bati.

"Mbuya walisema wewe ulinipa bahasha," alisema. "Mimi nilijua haikuwa kweli. Hiyo tu ndiyo nilitoka nayo kule. Nikichukua leo, watakuwa walisema kweli."

Binti wa dada yake aliacha kuosha sahani. Nilirudisha bahasha mfukoni, na ilikuwa nzito kuliko nilipoitoa.

"Nilipaswa kusimama," nikasema. "Siku ya mkutano."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia kule kule, mbele za watu?"

"Nilikuonea huruma. Nilifikiri huruma itakusimamisha." Akainua mabega. "Nilikosea. Na mimi ni mtu."

"Sasa nifanye nini, Mama Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ni yule wa dawa. Mimi nauza chakula. Umekuja hapa saa ya chakula, unakula au umekaa tu kwa kiti ya wateja?"

Nikasema nakula. Akampa binti ishara, nikaletewa ndizi za matoke, ugali wanaouita posho, maharage na samaki mzima, na chai. Nilikula chote, sikujua ladha yake. Mwenyekiti alijivutia ungo. Akaanza kuchagua mchele. Nilipomaliza nikatoa noti ya elfu hamsini, nikasema chenji abaki nayo. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, jina ambalo sikujua kama analijua, akasema ningoje. Binti alikwenda kuvunja noti kwenye duka la kuchapisha. Mwenyekiti akanihesabia chenji mkononi mwenyewe, noti kwa noti, mpaka sarafu ya mwisho, akafunga vidole vyangu juu yake.

Nimejenga ghorofa, nimenunua malori, najua bei ya kila kitu katika mji huu. Alichokubali kupokea kutoka kwangu, kwa yote hayo, ni shilingi elfu tisa na mia tano.